Jembe na Upanga Hula Chungu Kimoja

SWALI: Mhariri, nimeanza kucheza Rune Factory 4 Special kwa sababu nilivutiwa na mchezo wa video unaomruhusu mtu kulima na kupigana kwa pamoja. Tatizo langu ni kwamba kila asubuhi ninalima, ninamwagilia na kuvuna, na nikifika katika Msitu wa Yokmir nguvu zimeniishia, na yule kipepeo mkubwa aitwaye Ambrosia ameshanishinda mara kadhaa. Rafiki yangu ananishauri nilitelekeze shamba kwanza, nipigane hadi niwe imara, ndipo nirudi kulima. Je, yuko sahihi?
Mkulima Mchovu

JIBU: Ndugu Mkulima Mchovu, rafiki yako anakutakia mema, lakini ushauri wake utakunyima kile hasa kitakachokupa ushindi. Tazama ile mistari miwili kwenye skrini. HP ni uhai wako, na RP ni nguvu za runi, ambazo hutumika unapopiga jembe, unapomwagilia, unapofua silaha, unapotumia uchawi na unapofanya mbinu maalumu za vita. RP ikiisha, kazi haisimami, bali kila pigo la jembe linaanza kula uhai wenyewe. Ndiyo maana unafika msituni ukiwa umeshajeruhiwa kabla adui hajakugusa.

Hata hivyo, kazi hiyohiyo inayokuchosha ndiyo inayokukuza. Katika mchezo huu karibu kila tendo lina ustadi wake unaopanda ngazi: kulima, kukata miti, kuvua samaki, kupika, hata kutembea, kulala na kuoga. Ustadi unapopanda, mhusika wako anaimarika, kwa hiyo mtu anayelima kila siku anaingia pangoni, yaani kwenye maeneo ya vita, akiwa na mwili imara kuliko yule aliyekuwa akipigana tu. Ukiliacha shamba, utapoteza pia fedha za mbegu na silaha, pamoja na viungo vya chakula. Chakula nacho si cha kupuuza, kwani sahani iliyopikwa vizuri hurejesha HP na RP, na nyingine huongeza nguvu za mapigano kwa muda.

Kinachohitaji kubadilika ni mpango wa siku yako. Punguza eneo unalolima hadi lile unaloweza kumwagilia na kubaki na RP ya kutosha. Shamba dogo linalotunzwa lina faida kuliko kubwa linalokumaliza. Ukimaliza kazi za asubuhi, pitia kwenye bafu la nyumba ya wageni, ulipe ada yake na uoge, kwa maana kuoga hurejesha HP na RP, nawe utaanza safari ya msituni kana kwamba umetoka kulala. Boresha kopo la kumwagilia mapema, kwa sababu kopo lililoboreshwa, ukishikilia kitufe kabla ya kumwaga, hulowesha vipande vingi kwa mara moja.

Kisha fuga mazimwi. Hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika mfululizo huu wa michezo ya Rune Factory: kiumbe aliyekuwa akikushambulia jana anaweza, baada ya kupigwa brashi au kupewa zawadi anayoipenda, kuhamia kwenye banda lako. Mkizoeana vya kutosha, unaweza kumpangia kazi ya shambani, nawe ukabaki na RP yako kwa ajili ya vita. Unaweza pia kwenda naye pangoni akapigana ubavuni mwako, na wakazi wa mji wa Selphia nao huweza kualikwa. Usisahau tu kumwekea malisho.

Kuhusu Ambrosia mwenyewe, usishindane naye kwa kupiga ovyo. Mzunguke, subiri amalize shambulio lake, piga mara chache kisha ujitoe. Ikiwa bado anakulemea, mchezo unakuruhusu kupunguza ugumu, wala hakuna aibu katika hilo.

SWALI: Nikivuna kwa mundu ninapata mbegu badala ya zao. Je, mundu una faida gani?
Msomaji Mdadisi

JIBU: Faida yake ni kubwa, ila haionekani siku hiyohiyo. Mundu hugeuza zao lililokomaa kuwa mbegu za ngazi ya juu zaidi, na mbegu hizo huzaa mazao ya ngazi hiyo, ambayo huuzwa kwa bei nzuri zaidi. Ngazi ya mwisho ni ya 10. Toa sadaka sehemu ndogo ya kila zao kwa mundu, na iliyobaki ivune kwa mkono. Zingatia udongo pia, kwa kuwa ardhi inayopandwa mfululizo huchoka, na inafaa kuipumzisha au kuitilia majani makavu.

SWALI: Je, ni lazima nicheze michezo iliyotangulia ili nielewe hadithi ya mchezo wa nne?
Mgeni wa Mfululizo

JIBU: Si lazima. Mchezo wa kwanza ulitoka Japani mwaka 2006 kwa ajili ya Nintendo DS, kifaa cha michezo cha mkononi, ukitengenezwa na kampuni ya Neverland kama tawi la Bokujō Monogatari, mfululizo wa kilimo ulioanza mwaka 1996. Tangu hapo kila mchezo umekuwa na mhusika wake na mji wake, na mara nyingi mhusika huyo huanza akiwa amepoteza kumbukumbu, hivyo mchezaji hujifunza ulimwengu pamoja naye. Wa nne ulitoka mwaka 2012 kwa Nintendo 3DS, na toleo la Special likafuata nchini Japani mwaka 2019. Baadaye umekuja wa tano mwaka 2021, na Guardians of Azuma mwaka 2025. Kwa maoni yangu, mgeni aanze na huo wa nne, kwa sababu ndani yake shamba, karakana na pango vimeunganishwa kwa ukaribu sana, na maagizo yanayotolewa mjini humfundisha mchezaji kila kazi hatua kwa hatua.