Tairi Jipya Linapokataa Kuingia kwenye Rimu

SWALI: Mhariri, mimi ni mwendesha bodaboda hapa Ahero, Kaunti ya Kisumu. Mimi na wenzangu wa steji tulichanga pesa tukanunua mashine ya mkono ya kubadilishia matairi, ile yenye nguzo katikati na mtaimbo mrefu. Kulitoa tairi kuukuu si kazi, lakini upande wa mwisho wa tairi jipya hukataa kuingia hata tukiukandamiza mtaimbo watu wawili, na juzi tyubu mpya ilitoboka papo hapo. Je, tumeuziwa mashine mbovu?

JIBU: Mashine haina kosa, ndugu yetu. Ndani ya ukingo wa tairi mna nyaya za chuma zisizotanuka, kwa hiyo nguvu zenu zitapinda rimu au kuukata ukingo kabla ya kuurefusha. Kagueni rimu kwa ndani: katikati pana bonde, na mzingo wake ni mfupi kuliko ule wa pembeni. Sehemu ya ukingo iliyokwisha kuingia ikisukumwa kwa goti hadi bondeni, upande unaokabiliana na mtaimbo, ukingo hupata nafasi ya kulegea pale mnapofanyia kazi. Mtaimbo ukiwa mzito, acheni kusukuma mkaangalie ng'ambo, kwani mara nyingi tairi huwa limepanda kutoka bondeni. Anzeni mkabala na valvu na mmalizie penye valvu, kwa kuwa hapo tyubu na shina lake huziba bonde na kuuzuia ukingo usishuke.

Pakeni maji ya sabuni, wala msitumie oili, ambayo huharibu mpira.

Kuhusu tyubu, ijazeni upepo kidogo tu ili ikae mviringo bila mikunjo, na msiingize ncha ya mtaimbo ndani kuliko inavyohitajika, maana hapo ndipo tyubu hubanwa na kutoboka. Utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoki nao uwe mzima, na mshale ulio ubavuni mwa tairi uelekee upande gurudumu linakozungukia.

Kwa maoni yetu, kwa magurudumu ya spoki mitaimbo miwili mifupi ingewatosha. Faida ya mashine huonekana zaidi kwenye matairi magumu yasiyo na tyubu, ambayo ukingo wake hung'ang'ania rimu hata upepo ukiisha. Mkishajaza upepo, tazameni mstari mwembamba ulio ubavuni karibu na rimu. Ukizama mahali pamoja, tairi halijakaa sawa: toeni upepo, pakeni sabuni hapo, kisha mjaze tena.