Kupiga picha vijiji vya udongo vya Oman: jua, kuta na watu

Kinachowaponza wapiga picha wengi wanaokwenda bara ya Oman ni ratiba. Nizwa, Bahla, Jabrin, Al Hamra na Misfat al Abriyeen ziko karibu karibu, na dereva atakuapia kwamba zote zinamalizika kwa siku moja. Kwa kutazama tu zinamalizika. Kwa kamera haziishi. Ukuta ni udongo, njia ni vumbi na jabali la nyuma lina rangi ile ile, kwa hiyo kinachoutenga mnara na mlima ni kivuli tu. Kivuli kikikosekana, unarudi na picha ya kahawia juu ya kahawia. Panga sehemu mbili kwa siku, moja ya alfajiri na moja ya alasiri, na katikati ya siku ingia ndani ya ngome.

Anza na jua, maana si lile la nyumbani. Nizwa iko karibu digrii 23 kaskazini mwa ikweta. Mwezi wa Desemba jua la adhuhuri halikai utosini kama la Dar es Salaam au Mombasa. Linapita upande wa kusini, kimo cha digrii 43 hivi. Ukuta wa mita 10 hapo unatupa kivuli kirefu kuliko wenyewe saa sita mchana. Hiyo ni neema, kwa sababu nyufa, alama za vidole vya fundi na vipande vya makapi ndani ya udongo huonekana karibu siku nzima. Ila ukuta unaotazama kaskazini haupati jua kabisa kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Machi. Fungua ramani usiku kabla ya safari, uangalie kila mlango unaoutaka unatazama wapi. Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari. Mwezi wa Juni jua liko utosini, joto linavuka digrii 40, na vumbi la hewani linaifuta milima yote. Kumbuka pia kwamba Desemba jua huzama kama saa 11:30 jioni, lakini mlima huliziba mapema zaidi. Ukifika kijijini saa 11 umeshachelewa.

Rangi ya udongo huharibiwa na kamera yenyewe. Ukiiachia ijipangie rangi ya mwanga, inaona kahawia nyingi mno, inaishusha, na ukuta unatoka wa kijivu kama saruji. Mbaya zaidi, kila picha inatoka na kijivu chake. Weka mwenyewe Kelvin 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga), piga kwa faili za RAW, yaani ghafi, usiguse tena hadi jua linapozama. Tatizo la pili ni kanzu. Mzee mwenye kanzu nyeupe akisimama mbele ya ukuta wa udongo, kipimo cha mwanga kinausoma ukuta, na kanzu inaungua: mikunjo hakuna, shada la shingoni hakuna. Shusha stopu moja, yaani punguza mwanga kwa nusu, tazama grafu ya mwanga upande wa kulia, kisha uinue ukuta nyumbani kwenye kompyuta. Weupe ulioungua haurudi.

Kwa picha za nje, lenzi ya milimita 35 na ya 85 zinatosha. Lenzi pana sana zinatamanisha kwenye vichochoro, lakini ukiinua kamera juu kidogo kuta zinaangukiana. Na hapa programu za kunyoosha picha hudanganya: kuta na minara ya Oman imejengwa nene chini na nyembamba juu, kwa hiyo mlalo ule ni wa kweli. Ukibonyeza kitufe cha kunyoosha, mnara unatanuka juu kama ndoo. Nyoosha kwa kufuata fremu ya mlango.

Ngome ya Jabrin ndiyo ya kukaa mchana. Imamu Bil'arab bin Sultan, mtawala wa Oman, aliijenga miaka ya 1670, makazi na mahali pa elimu kuliko pa vita, na kaburi lake limo humo humo. Wengi hupiga picha ya ua wakaondoka, ilhali utajiri uko darini: mbao zilizochorwa maua kwa rangi nyekundu na nyeusi. Namna ya kuzipata bila stendi ya kamera (uliza mlangoni kama inaruhusiwa) ni hii: kunja kitambaa sakafuni katikati ya chumba, laza kamera chali lenzi ikitazama juu, weka lenzi pana ya milimita 20 au 24, tundu la lenzi f/8, wepesi wa mwanga ISO 200, na saa ya kuchelewesha sekunde 10. Bonyeza, kisha jitoe chumbani usije ukaingia kwenye kona ya picha. Dari za namna hii zina pande sawa, na kamera ikisogea kidogo tu kutoka katikati inaonekana, kwa hiyo hesabu hatua kutoka kila ukuta. Dirisha likiingia kwenye fremu, piga picha tatu zinazopishana stopu mbili mbili. Mwako wa kamera hapana: unafuta kivuli cha nakshi.

Mnara mkubwa wa Nizwa ulijengwa na baba yake Bil'arab, Imamu Sultan bin Saif, miaka ya 1650. Msomaji wa Mombasa ataukumbuka ukoo huu: ni majeshi ya Saif bin Sultan, ndugu yake Bil'arab, yaliyoitwaa Fort Jesus mwaka 1698. Ngome ya Bahla, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1987, ni kubwa mno kuipiga ukiwa chini yake. Ipige kwa mbali, na lenzi ndefu, mitende ikiwa mbele.

Soko la mifugo la Nizwa ni Ijumaa asubuhi. Fika kabla ya jua kupanda, kwa sababu kabla ya sala ya Ijumaa watu wameshatawanyika. Wauzaji huzunguka na mbuzi katika duara, wanunuzi wakiwa ndani na nje yake. Usisimame kwenye njia ya duara. Fahali akishtuka hakuna wa kukuokoa. Shata isiwe ya polepole kuliko sekunde 1/250, maana mikono na pembe haitulii.

Misfat ni kijiji chenye wenyewe. Watu wanaishi humo, wanaoga na kuchota kwenye falaj, mfereji unaogawa maji ya mashamba kwa zamu za saa. Vaa nguo za kufunika mabega na magoti, usipige wanawake wala milango iliyo wazi. Mwanamume mwambie salamu kwanza, halafu “mumkin sura?” (naweza kupiga picha?), na akikataa kwa mkono shusha kamera, usiishikilie kifuani ukisubiri ageuke. Jaribu na Kiswahili pia. Waomani wenye asili ya Zanzibar ni wengi, na mazungumzo ya dakika kumi yanaleta picha ambayo lenzi ndefu haiwezi. Maji yenyewe yapige yakiwa kivulini, shata ya sekunde 1/8, kamera imeegemezwa kwenye ukingo.

Barabara ya Misfat gari dogo linapanda. Mlima wa Jebel Akhdar ni tofauti: polisi wa kizuizi cha Birkat al Mouz hukurudisha kama gari halivuti magurudumu yote manne. Droni usiibebe bila kibali kilichotolewa kabla ya safari. Lenzi usibadilishe sokoni wala kwenye upepo. Badilisha ndani ya gari, injini na feni zikiwa zimezimwa.