Babu alifanya kazi ya ndege: tunzeni ushahidi wake mapema

Wasifu wa mzee aliyefanya kazi ya ndege, ukisomwa msibani Mbeya au Iringa, mara nyingi husema tu kwamba "alikuwa wa kwanza". Wa kwanza kufanya nini, kwa ndege gani, mwaka gani? Maswali hayo yasipojibiwa mapema, wajukuu hubaki na sifa isiyo na ushahidi, na mzee wao anastahili zaidi ya hapo.

Tafuteni kwanza daftari la safari zake, lile ambalo rubani hulijaza kila anaporuka. Kila mstari una tarehe, aina ya ndege, namba ya usajili, alikotoka, alikokwenda na muda wa angani. Safu ya muda isomeni kwa makini: wako walioandika 1.30 wakimaanisha saa moja na nusu, na wako walioandika 1.5 kwa muda huohuo. Mkizijumlisha kwenye kikokotoo bila kuzitofautisha, jumla itakuwa ya uongo. Nyakati za kuondoka mara nyingi ni za Greenwich. Ongezeni saa 3, ndipo mzigeuze ziwe za Kiswahili: 04:00 ya daftari ni saa moja asubuhi kwetu.

Daftari likikosekana, picha itasema. Someni herufi zilizochorwa ubavuni mwa ndege. VR-T ni Tanganyika ya enzi za ukoloni hadi miaka michache baada ya uhuru, kisha ikaja 5H. Kenya ilikuwa VP-K, kisha 5Y. Uganda VP-U, kisha 5X. Msishangae mzee wa Rungwe kusimama kando ya ndege yenye 5Y, maana East African Airways, iliyoanza 1946 na kufa 1977, ilikuwa ya nchi zetu zote na makao yake yalikuwa Nairobi. Barua ya ajira yenye nembo ya Air Tanzania haiwezi kuwa ya kabla ya 1977. Na "Mbeya" ya daftari la zamani ni uwanja wa mjini. Uwanja mpya wa Songwe ulifunguliwa 2012.

Mkikuta ameandika kwamba mzigo ulipunguzwa, msipite haraka. Uwanja ule wa mjini uko takriban futi 5,600 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 24, hewa yake huwa nyepesi kama ya futi 8,000 hivi: injini hupungua nguvu, bawa hubeba kidogo, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi kupaa. Mstari mmoja wa namna hiyo unaonyesha ujuzi wake kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Waanzilishi hawakuwa marubani peke yao. Mbeya ilikuwa kituo cha Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, kwenye njia ya Cairo hadi Cape Town tangu 1932, na kituo kilihitaji watu wa kujaza mafuta, kufyeka uwanja na kushughulikia mizigo. Hao nao waandikwe.

Sasa utunzaji. Msipige karatasi leminesheni wala msizibandike kwa selotepu: gundi hugeuka njano, hula wino, na hakuna kurudi nyuma. Pini zenye kutu ziondolewe taratibu. Picha iliyogandia kioo cha fremu isibanduliwe. Ipigeni picha hapohapo, pembeni ya dirisha, bila flashi. Kwenye skana tumieni dpi (nukta kwa kila inchi) 300 kwa karatasi, 600 kwa picha, na 2,400 kwa negativu. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, maana kalamu ya wino hupenya. Sanduku likae mbali na ukuta wa nje na sakafu, hasa msimu wa mvua, kwani ukungu wa Mbeya na Njombe hauchagui.

Mkitaka kutoa vitu kwa Makumbusho ya Iringa Boma au kwa Nyaraka za Taifa, ulizeni kwanza kama wanavipokea, pelekeni nakala, na vile halisi visitoke nyumbani bila hati ya makabidhiano yenye orodha ya kila kimoja na sahihi za pande zote mbili.