Mchezo Umetoka Julai: Ninunue Magunia Mangapi?

*Maswali ya nyumbani. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, Chang'ombe, Dodoma.*

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tumepanga Nkuhungu. Mume wangu anaendesha bodaboda, mimi nauza maandazi asubuhi. Mwezi huu zamu yangu ya mchezo, yaani upatu, imefika, napokea laki nne. Nataka zote niziingize kwenye mahindi tusihangaike mpaka mwakani, maana unga wa dukani kila nikienda bei imesogea. Mume wangu hataki kusikia. Anasema mwaka jana tulinunua gunia mbili, kufika Novemba dumuzi wameshayafanya vumbi. Mama mkwe, yuko Mvumi, naye anasema tuache mahindi tununue mtama. Nimsikilize nani?

Jibu

Marahaba mwanangu. Nunua, tena nunua mwezi huu huu, lakini si kwa laki nne zote.

Huku kwetu tunavuna mara moja tu kwa mwaka. Mvua zinaanza Desemba, zinakatika Aprili, na kuanzia Mei hadi Julai mahindi mapya yanamiminika sokoni. Mkulima ana madeni, anauza. Kuanzia Novemba aliyebaki na mahindi ni mfanyabiashara, naye hana haraka. Januari na Februari bei inakuwa juu kabisa, na hapo hapo shule zinafunguliwa. Ada kwenye shule za msingi za serikali hatulipi, lakini sare, viatu, madaftari na michango vipo. Kwa hiyo laki moja itoe leo kabla hujaenda sokoni, iandike jina la sare, na mume wako ajue ilipo.

Kuhusu idadi ya magunia, usikisie. Wiki hii pima unga kila unaposonga ugali. Nyumba ya watu watano inayokula ugali mara moja kwa siku huenda ikatumia kilo moja na nusu hivi. Hiyo ni kilo 45 kwa mwezi, na kutoka sasa hadi mwisho wa Machi, mahindi mabichi yanapoanza kuonekana, ni kama magunia manne ya kilo mia. Laki tatu zisipofikia manne, chukua matatu na usikope la nne.

Sasa tuje kwa mume wako, maana hofu yake ina msingi na haitaondoka kwa kubembelezwa. Dumuzi si fukusi wa kawaida. Hapa nchini alijulikana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina la lori, Scania. Anatoboa punje mpaka inabaki unga mweupe. Mara nyingi yumo tayari ndani ya mahindi unayonunua, kwa hiyo kumfungia mlango hakusaidii. Inabidi umnyime hewa.

Tafuta kwenye maduka ya pembejeo mifuko ya PICS, ile yenye tabaka tatu: miwili ya nailoni nzito ndani na mmoja wa kiroba nje. Inauzwa bei kubwa kuliko kiroba cha kawaida, na hapo ndipo wengi wanaporudi nyuma. Piga hesabu ya mahindi mliyopoteza mwaka jana, kisha uilinganishe na bei ya mfuko mmoja. Ukishaujaza, shindilia mahindi hewa itoke, sokota mdomo wa mfuko wa ndani kabisa, ukunje, uufunge kwa mpira wa baiskeli. Fanya hivyo hivyo kwa wa pili, halafu wa nje. Wadudu waliomo ndani wanamaliza hewa wenyewe na kufa. Ukifungua mfuko hewa inaingia upya, basi fungua mmoja, umalize, ndipo uende kwa mwingine. Weka juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, na uangalie panya, kwa sababu tundu moja la panya linaharibu kazi yote.

Ila mfuko huo hauokoi mahindi mabichi, unayavundisha. Kabla ya kulipa, pima ukavu. Chukua chupa kavu ya soda ya kioo, tia mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, ziba, tikisa vizuri, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji. Yaache au uyaanike tena juu ya turubai, usiyaanike chini kwenye udongo. Muuzaji akikasirika kwa kuona chupa yako, nenda kwa mwingine. Nasisitiza hili kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa mkoani Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo, na kupika hakuiondoi. Punje zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi, chambua kabla ya kwenda mashineni, usimpe hata kuku.

Kuna jambo jingine hukuuliza, lakini najua nyumba za kupanga zilivyo. Magunia yanakaa chumbani mnamolala. Mtu atakushauri utumbukize vidonge vya kufukizia ghala. Nakuomba kama mama, usikubali. Vile vidonge vinatoa gesi inayoua wadudu na inaua watu vile vile, watoto wakiwa wa kwanza. Si vya chumba cha kulala, hata kimoja, hata ukikifunga kwenye kitambaa. Mifuko ya PICS haihitaji dawa yoyote.

Unapokwenda mashineni, toa mahindi ya wiki moja au mbili tu. Ukisaga dona hulipi kukoboa na unga unakuwa mwingi zaidi, lakini dona haikai kama sembe, inachacha haraka. Ndiyo maana nasema kidogo kidogo.

Mama mkwe naye usimpuuze. Dumuzi hupenda mahindi na muhogo mkavu kuliko mtama. Badala ya gunia la nne la mahindi chukua la mtama, na kama yeye yuko Mvumi anaweza kukununulia kwa jirani bila dalali kati. Watoto wasiozoea waanzishie uji, baadaye changanya kwenye ugali.

Swali

Mwalimu habari za kazi. Ni kijana, nimehamishiwa ofisi za Mtumba, nakaa peke yangu. Wenzangu watatu wanataka twende Kibaigwa kununua mahindi ya jumla. Inalipa kweli?

Jibu

Nzuri, mwanangu. Kwa mtu mmoja peke yake, nauli na usafirishaji vinameza faida. Kwa wanne mnaogawana usafiri mmoja, inalipa, hasa miezi hii. Kibaigwa iko barabara kuu ya kwenda Morogoro, wilaya ya Kongwa, na soko lake la nafaka ni kubwa. Nunueni kwa kilo kwenye mizani na mwangalie mshale wenyewe. Madebe hayalingani, na lumbesa sheria ya vipimo imeikataza, kwa hiyo msijisifu mkipewa gunia lenye kilemba: mkulima ameibiwa. Wewe wa peke yako gunia moja linakutosha mwaka. Kama hupiki kila siku, nusu yake.

Swali

Nipo Singida mjini. Nilinunua dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti nikidhani naokoa. Limeisha kabla ya muda niliopanga, kila mtu anakaanga. Mume anasema chakula kikiwa kingi kinaliwa kingi, bora turudi kupima kwa kikombe dukani.

Jibu

Mume wako amesema kweli kuhusu tabia, ila dawa yake si kurudi dukani. Bei ya kikombe ndiyo ghali kuliko zote, na anayeilipa zaidi ni asiye na fedha. Dumu liweke chumbani kwenye giza, limefunikwa vizuri. Mwanga na joto vinayachachisha mafuta. Jikoni iwepo chupa ya nusu lita tu. Amueni pamoja chupa hiyo ni ya siku ngapi, mwandike tarehe kwenye kipande cha plasta mkibandike juu yake. Ikiisha kabla, siku zilizobaki ni mboga za karanga na mlenda, na Singida karanga hazijawahi kuwa shida.