Kukodi au kununua malori wakati kampuni inayumba: majibu kwa wasomaji

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa wenye malori na kwa watu wanaokula kupitia malori. Nimechukua sita. Hesabu nilizoweka ni za mfano tu. Toa namba zangu, weka zako, halafu piga upya.

SWALI: Ndugu mwandishi, tuna kampuni ya familia yenye semi nane, njia yetu ni Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Tatu zimepaki uani, injini zimekufa. Tumepata mteja mpya mwenye mzigo wa kila mwezi na magari hayatoshi. Benki iko tayari kutukopesha tununue matatu. Kampuni ya karadha nayo iko tayari kutukodisha. Baba anasema gari la kukodi si mali. Tushike lipi? (Dar es Salaam)

JIBU: Hongereni kwa kupata mteja wa kudumu, si jambo dogo. Ila kabla ya benki na karadha, naanza na hayo matatu yaliyo uani. Ni mali yenu, sidhani kama yanadaiwa, na huenda kufufua moja kukagharimu sehemu ndogo ya bei ya kichwa kipya. Mwiteni fundi asiyefanya kazi kwenye gereji yenu, afungue injini, awape hesabu kwa maandishi, gari kwa gari. Pengine moja litafaa kufufuliwa, jingine litatoa spea za haya matano yanayotembea, na la tatu mtaliuza wakati bado lina bei. Kila masika likilala hapo, bei inashuka.

Sasa mkopo. Tuseme kichwa na tela vinafika shilingi milioni 200, mnatanguliza milioni 40, benki inatoa milioni 160 kwa miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio. Rejesho ni kama milioni 5.8 kwa mwezi, kwa gari moja. Njia yenu ni kilomita 4,000 hivi kwenda na kurudi, na kuna mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa katikati. Mwezi mzuri gari linapiga tripu mbili, foleni ikikaza linapiga moja. Kama baada ya mafuta, posho na ada za njiani mnabaki na milioni 4 kwa tripu, tripu mbili zinalipa rejesho na kuwaachia milioni 2.2 za tairi na servisi. Tripu moja inawaacha pungufu ya milioni 1.8 kabla hamjanunua tairi hata moja, na semi ya mihimili sita ina tairi 22. Zidisheni mara tatu, ndipo mtaona mnachotaka kusaini.

Karadha, ambayo Tanzania ina sheria yake tangu 2008, inafanya gari libaki la kampuni inayowakodisha. Mnalitumia, mnalipa kila mwezi, na mwishoni mnaweza kulichukua kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba. Kwa kampuni inayoyumba, uzuri wake ni kwamba gari lenyewe ndilo dhamana, hivyo mara nyingi hati ya nyumba ya mzee inabaki kabatini. Someni lakini kama kuna fomu ya wakurugenzi kudhamini wenyewe, kwa sababu fomu hiyo inairudisha nyumba mezani kwa mlango wa nyuma. Na malipo ya mwezi yanakuja vilevile, iwe mpaka wa nchi uko wazi au umejaa magari.

Jambo moja hamkuliandika, nami ningelitaka kuliko bei ya gari: mteja mpya analipa baada ya siku ngapi? Akilipa siku 60 baada ya kupokea ankara, mtakuwa mmeshatoa marejesho mawili, na mafuta ya tripu tatu au nne, kabla ya kuona shilingi yake ya kwanza. Semi iliyobeba hunywa lita moja kwa kila kilomita mbili hadi mbili na nusu. Pigeni wenyewe ni lita ngapi hizo. Kampuni nyingi za usafirishaji huzama hapo, kati ya siku ya kulipa na siku ya kulipwa, huku magari yakiwa barabarani na mzigo upo.

Kwa hiyo ningeanza hivi. Miezi mitatu au minne ya mwanzo msinunue na msisaini karadha. Hudumieni mkataba kwa kukodi magari ya wenzenu kwa tripu. Wapo wenye semi moja au mbili wanaohangaika kwa madalali kila siku kutafuta mzigo. Faida itakuwa nyembamba, na andikeni mapema nani anabeba siku za foleni, maana ugomvi huanzia hapo. Lakini mzigo ukikosekana mwezi mmoja, hakuna rejesho litakalogonga mlango. Katika muda huo mtajua mteja analipa lini kweli kweli, na kama mzigo wa kurudi unapatikana au magari yanarudi matupu. Yote mawili yakikaa sawa, chukueni gari moja kwa karadha, muone miezi sita, ndipo mfikirie la pili.

Mzee mwambieni ana haki. Gari alilonunua yeye kwa fedha taslimu lilikuwa mali siku ile ile. La mkopo, kadi yake inalala benki hadi rejesho la mwisho, na kwa miaka mitatu tofauti yake na la karadha ni ndogo kuliko inavyosemwa.

SWALI: Kampuni mbili zimenitajia riba ile ile, asilimia 18, lakini marejesho yanatofautiana kwa zaidi ya milioni moja kwa mwezi. Nani ananidanganya? (Mwanza)

JIBU: Huenda hakuna anayedanganya, ila mmoja hajakueleza. Tumia mfano wa juu, milioni 160 kwa miezi 36. Riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, utalipa riba ya kama milioni 48 kwa miaka yote mitatu. Ikihesabiwa kwenye deni la mwanzo lote, kana kwamba hujalipa hata senti, ni milioni 86.4, na rejesho linapanda hadi milioni 6.8. Asilimia ni ile ile, pesa ni nyingine kabisa. Usiulize tena asilimia. Uliza: "Mpaka namaliza, nitakuwa nimetoa shilingi ngapi zote kwa jumla, pamoja na bima, ada ya fomu na kifaa cha kufuatilia gari?" Waandike namba hiyo na waigonge muhuri.

SWALI: Shikamoo. Mume wangu ni dereva wa semi. Kampuni yake imeelemewa na imechelewesha mishahara. Sasa wanataka kumpa gari analoendesha kwa mkataba: mshahara unakoma, anapewa mizigo ya kampuni, anakatwa kila mwezi kwa miaka miwili, kisha gari linakuwa lake. Yeye amefurahi sana. Mimi silali. (Mama wa watoto watatu, Mbeya)

JIBU: Marahaba, mama. Furaha yake naielewa, kwani dereva aliyeshika usukani wa gari la mtu kwa miaka mingi ana haki ya kutamani lake. Lakini hofu yako ina msingi, na naomba umsomee haya.

Kwanza, gari hilo ni la nani leo? Kampuni isiyoweza kulipa mishahara huenda imeliweka gari hilo hilo rehani benki. Kama kadi iko benki, hawana cha kumuuzia. Mumeo anaweza kulipa miezi 20 bila kukosa, kisha benki ikaja kulichukua kwa deni asilolijua. Aione kadi halisi, si nakala, na ahakikishe kwa mamlaka ya mapato kwamba gari halina kizuizi. Wakikataa kumwonyesha, mazungumzo yaishe hapo hapo, bila kugombana.

Pili, aangalie kinachohama. Leo injini ikifa kwenye mlima Kitonga, ni shida ya kampuni. Kesho itakuwa shida yenu. Tairi, servisi, bima kubwa, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), faini ya kuzidisha uzito kwenye mizani ya Vigwaza au Mpemba, vyote vinaingia kwenye bajeti ya unga na ada ya shule. Mchango wa NSSF nao unakoma pamoja na mshahara. Watu wana mfano wa bodaboda ya mkataba, kwamba fulani alilipa mpaka ikawa yake. Ni kweli, lakini injini ya bodaboda ikifa, laki chache zinairudisha barabarani. Injini ya semi inaweza kumeza akiba ya familia kwa wiki moja.

Tatu, na hili ndilo linaloniudhi zaidi katika mikataba ya namna hii: anayempa mzigo, anayepanga bei ya mzigo na anayemkata rejesho ni mtu mmoja. Wakishusha bei ya tripu, au wakimpa tripu moja badala ya mbili, yeye ndiye atakayeonekana ameshindwa kulipa, na gari litarudi kwao na fedha zake zote ndani. Marekani mikataba ya hivi kati ya kampuni za malori na madereva imekuwepo kwa miaka mingi, na Januari 2025 jopo lililoundwa na serikali kuu kuichunguza lilipendekeza ipigwe marufuku. Huko dereva ana mawakili na mahakama karibu kuliko mumeo.

Akitaka kuendelea, mkataba uandike mambo haya waziwazi: anaruhusiwa kutafuta mzigo kwingine wanapokosa wa kumpa, akishindwa katikati, sehemu ya alicholipa inarudi, na gari likaguliwe na fundi atakayemchagua yeye. Kuna njia nyingine ya kuwapendekezea, nayo ningeipenda zaidi. Mshahara upungue, alipwe na asilimia ya kila tripu, gari na hasara zake zibaki za kampuni. Wakisema hapana, mtajua walichokuwa wanamkabidhi ni mzigo gani. Na ile mishahara iliyochelewa isiingizwe kwenye mkataba wa gari kama "kianzio" bila hesabu yake kuandikwa. Ni jasho lake tayari.

SWALI: Habari mwandishi. Nina lori nne za kontena hapa Mombasa, mbili kuukuu. Kazi iliyumba tangu makontena yaingie kwenye SGR, ile reli ya kisasa, ikarudi kiasi, sasa sijui. Nataka kuuza hizo kuukuu nichukue mpya mbili kwa kukodi miaka mitano. (Mombasa)

JIBU: Angalia tarehe kwanza. Treni za mizigo za SGR zilianza Januari 2018, na makontena mengi yakaelekezwa kwa reli hadi bandari kavu ya Embakasi, Nairobi. Septemba 2022 Rais Ruto akaingia na kurudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Amri mbili zinazopingana, ndani ya miaka isiyofika mitano. Mkataba wako wa miaka mitano ungezipitia zote mbili, na malipo ya mwezi yasingebadilika hata mara moja. Katika biashara inayoweza kugeuzwa kwa tangazo, singefunga mkataba unaozidi miaka miwili, hata kama wa mitano ni nafuu kwa mwezi.

Tena uliza kilomita. Lori jipya la kukodi linajilipa likikimbia safari ndefu, Nairobi, Malaba, Kampala. Kama kazi uliyobaki nayo ni kutoa kontena bandarini na kulifikisha ghala la Changamwe au Miritini, lori kuukuu lenye breki nzima linafanya kazi hiyo hiyo bila deni. Uza lililo bovu zaidi, tengeneza jingine kwa pesa hizo.

SWALI: Mhasibu wetu anasema kununua kunapunguza kodi kuliko kukodi. Ni kweli? (Arusha)

JIBU: Inaweza kuwa kweli kwa kampuni yenye faida. Kwa sheria ya kodi ya mapato Tanzania, malori makubwa na matela huchakaa kwa asilimia 25 ya thamani iliyobaki kila mwaka: gari la milioni 200 linakupa punguzo la milioni 50 kwenye faida inayotozwa kodi mwaka wa kwanza, 37.5 wa pili, na kuendelea kushuka. Riba nayo inatolewa. Lakini punguzo hufanya kazi pale tu penye faida ya kukatwa. Kampuni inayopata hasara inaisogeza kwenye hesabu za miaka ijayo, na hasara iliyosogezwa haijazi tangi la mafuta. Usinunue gari kwa ajili ya kodi ambayo huidaiwi.

SWALI: Sisi tumeshasaini karadha ya magari mawili, yamefika wiki hii. Tufanye nini ili tusiumie? (Tunduma)

JIBU: Kabla hayajapakia mzigo wa kwanza, tafuteni kifungu cha mipaka. Mikataba mingine inataka kibali cha maandishi gari kuvuka nchi, na bila kibali hicho bima inaweza kukataa kulipa gari likianguka upande wa Nakonde, Zambia. Ninyi mko mpakani, hivyo hilo ni la leo. Ombeni kibali cha Zambia na Kongo kwa pamoja, na hakikisheni kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari linalovuka nchi, ipo.

Kisha kifungu cha kurudisha gari. Mwisho wa mkataba atakuja mkaguzi na karatasi: unene wa tairi, kioo cha mbele, turubai, taa, mikwaruzo ya kabini, sahani inayoshika tela. Kila pengo lina bei, na bei anaipanga yeye. Pigeni picha za kila upande sasa hivi, tairi moja moja na namba zake, kilomita kwenye dashibodi, sehemu ya chini ya tela. Wapelekeeni wenye magari kwa barua pepe siku hiyo hiyo, muwe na tarehe. Madereva wajue pia, kwa sababu tairi mpya zilizokuja na gari hugeuka tairi kipara za mtu mwingine usiku mmoja kwenye maegesho, na mnayelipa ni ninyi.

Mwisho, ipigieni simu kampuni ya karadha sasa, kabla hamjachelewa hata rejesho moja, muulize wanafanya nini aliyekodi akikwama kwa mwezi mmoja. Wengine wanakubali kusogeza rejesho moja mwisho wa mkataba. Jibu wanalokupeni mkiwa hamdaiwi huwa tofauti na la siku ile gari limezuiliwa, kwa hiyo liombeni kwa maandishi na mlihifadhi pamoja na mkataba.