Mkimbiaji wako akifutiwa matokeo, una nusu saa

Makocha wengi wa vijana huku Nakuru hupoteza rufaa kabla hata ya kuikata. Matokeo yanatangazwa, binti anaangua kilio, wazazi wanamzingira mwamuzi kwa kelele, na muda unayoyoma. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, zinakupa dakika 30 tu tangu matokeo yatangazwe rasmi.

Unaanza na pingamizi la mdomo kwa refa, litolewe na mkimbiaji mwenyewe au anayemwakilisha. Refa akilikataa, unakwenda kwa jopo la rufaa, safari hii kwa maandishi yenye sahihi, pamoja na amana. Kanuni za kimataifa zinataja dola 100. Mashindano ya nyumbani huweka kiasi chake, kwa hivyo uliza asubuhi.

Kinachoshinda ni hoja. Msichana ninayemfundisha aliwahi kuondolewa katika mita 1,500 kwa kukanyaga ndani ya mstari kwenye kona. Sikumweleza refa jinsi binti alivyojituma mazoezini, maana hilo halimsaidii kuamua. Niliomba kwa heshima nijue msimamizi wa kona, yule mwenye bendera ya njano, alikuwa ameandika nini. Hatua moja. Kanuni za sasa husamehe hatua moja kwenye kona, mradi mkimbiaji hakupata faida wala hakumsukuma au kumzuia mwenzake. Nikamsomea refa kifungu hicho cha 17.4, na binti akarudishiwa nafasi yake. Ndiyo maana nasisitiza: soma kanuni hiyo wewe mwenyewe, tena kabla ya msimu.

Tafuta pia video. Refa anaruhusiwa kuangalia ushahidi wowote uliopo, hata wa simu ya mzazi aliyekaa jukwaani, lakini mwonyeshe ile sekunde inayohusika tu.

Na usiogope kwamba kukata rufaa ni utovu wa nidhamu. Agosti 2024 kwenye Olimpiki kule Paris, Faith Kipyegon, binti wetu wa Keringet, alifutiwa nafasi ya pili ya mita 5,000 baada ya kusukumana na Gudaf Tsegay wa Ethiopia. Kenya ilikata rufaa na medali ya fedha ikarudi usiku uleule.

Mashindano mengine madogo hayana jopo la rufaa. Hapo neno la refa ni la mwisho, kwa hivyo nenda na ushahidi wako wote mara ya kwanza.