Barua kwa mwanangu: Siku ile Mweka hukuniona

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako ameileta mjomba wako Jumamosi, na mama yako akanisomea mara mbili. Tu wazima. Goti lake linamsumbua mvua ikinyesha, kahawa tumeanza kuchuma, na leo asubuhi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa nyeupe kuliko wiki nzima, halafu mawingu yakaifunika kabla hatujamaliza chai.

Unauliza ufanyeje. Wamekuomba ushike ukuu wa idara kwa miaka mitatu. Unaona ukikubali, mbio zako za alfajiri zimekwisha, na ile safari ya Agosti ya kupanda kilele cha Batian kwa kamba kule Mlima Kenya nayo imekwisha. Ukikataa, wenzako watasema daktari mzima wa hisabati ameacha kazi kwa ajili ya mchezo. Nimekuelewa, na nimelala nalo swali lako siku tatu. Lakini kila nikitaka kulijibu najikuta nimesimama kando ya barabara ya Mweka, mwaka 2008, chini ya mgrevilea, na jani la sale, lile la kuombea msamaha kwetu Wachagga, liko mfukoni mwa koti langu. Hukujua kwamba nilikuwepo. Anayejua ni mama yako peke yake.

Lazima nianzie ile Krismasi ya 2006, na ninajua hupendi niiguse. Wajomba wote walikuwepo, mbuzi amechinjwa, kata ya mbege inazunguka, nawe ukasema unataka kupanda mlima. Nikakujibu mbele za watu: "Nimebeba mizigo miaka 19 ili wewe usiikanyage njia ile." Ukaanza kunitajia wasomi wako. Kwamba Hans Meyer aliyefika kileleni Oktoba 1889 alikuwa mtu wa jiografia, baadaye akawa profesa kule Leipzig. Kwamba Mackinder aliyeipanda Batian mwaka 1899 alikuwa akifundisha Oxford. Nikakuuliza nani aliwabebea mahema. Ndipo uliposema: "Baba, wewe uliubeba mlima. Hujawahi kuupanda."

Ukumbi ulinyamaza. Mjomba wako mkubwa aliweka kata chini.

Nimeligeuzageuza neno hilo miaka yote hii. Wakati mwingine nasema lilikuwa la utovu wa adabu, na binti wa miaka 19 hamwambii baba yake hivyo mbele ya shemeji zake. Tena nani kasema kubeba si kupanda? Siku hizi pale getini wanapima, mzigo wa mpagazi mwisho kilo 20. Enzi zetu hatukupimiwa. Ulichotwishwa ndicho ulichobeba, kichwani, kambi ya Mandara, ya Horombo, mpaka ya Kibo chini ya kilele, mita 4,700 na ushee. Huko si kupanda?

Lakini hapana. Ulisema kweli, na ndiyo maana liliuma. Wapagazi tunaishia kambi ya Kibo. Saa sita usiku mwongozaji anawaamsha wageni wake, wanatoka, nasi tunabaki pale mlangoni tumejifunga mablanketi, tunatazama taa zao zikipanda kwenye changarawe, kulia, kushoto, kulia tena, ndogo kama vimulimuli, mpaka zinapotelea juu. Miaka 19 nilizitazama taa zile na sikuwahi kufika zilikokwenda.

Kazi yangu ilikuwa kuwapokea wanaporudi. Nawe unajua ninachoamini, nimekwambia tangu utotoni: mtu hupimwa anaposhuka. Kupanda kila mtu anapanda akiwa na hamu. Mimi niliwaona wakishuka. Niliona vijana wenye misuli wakija wanayumba kama wametoka kilabuni, hawajui hata glavu wameziacha wapi, na hapo hakuna kungoja kuche, ni machela ya gurudumu moja na kuteremka mbio mpaka Horombo. Ulinieleza mwenyewe baadaye kwamba kule juu mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa Dar. Sisi hatukujua hesabu yake, lakini tulijua dawa yake ni kushuka.

Sasa Mweka. Nilisikia kwa binamu yako kwamba umejiandikisha Kilimanjaro Marathoni, kilomita 42 zote. Hatukuwa tumesemezana mwaka mzima na zaidi. Jumapili ile nilitoka nyumbani gizani, nikakata sale pale mpakani mwa kihamba, nikapanda Hiace mpaka Moshi. Nilikuwa nimeshasikia mnaanza na barabara ya Dar, tambarare, mnarudi mjini, halafu jua likishapanda ndipo mnapandishwa Mweka. Mweka ninaijua. Ndiko tulikokuwa tukishukia tukitokea Machame. Nikasimama pale.

Ulipita ukipanda, chumvi imekauka mashavuni, macho yako chini. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Nikasema acha, atarudi. Nikangoja. Wengi walikuwa wameanza kushuka, nao walishuka vibaya, wamejitupa nyuma, magoti yamekazwa, visigino vinagonga lami hadi unasikia. Halafu ukatokea wewe. Hatua fupi, goti limelegea, mabega yametulia, shingo imenyooka kama mtu aliyejitwika mkungu wa ndizi. Mwanangu, mwendo ule ni wangu. Nilikufundisha ukiwa na miaka minane, na ndoo ya maji kichwani, tunateremka kutoka kwenye mfereji: usikaze goti, mguu uishike ardhi kwanza, uzito ufuate nyuma. Hukumwaga hata tone. Na hapo Mweka, msomi wa chuo kikuu, umevaa bukta mbele ya watu, ulikuwa unashuka kama mpagazi.

Nililia pale barabarani. Kijana mmoja wa kugawa maji aliniuliza, mzee unaumwa?

Sale sikukupa. Nilijisemea mzee hampi mwanawe sale. Mwana ndiye anayemletea mzee aombe msamaha. Kisha nikasema nitakupa ukija nyumbani jioni. Hukuja, ulipanda basi kurudi Dar. Jani lile mama yako alilitia kwenye Biblia yake, na siku hizi ukiligusa linavunjika.

Nirudi kwenye swali lako. Wewe umeniuliza kuhusu kupanda tu: nikubali, nisikubali. Hujaniuliza utashukaje. Ukuu wa idara nao una siku yake ya kushuka. Je, baada ya miaka mitatu miguu bado itakuwa yako? Uliwahi kuniambia kwamba hesabu inayokushinda mezani inalegea ukiwa kilomita ya 20. Sasa mtu akikunyang'anya kilomita ya 20, si amekunyang'anya na hesabu? Lakini tena najibishana mwenyewe. Simbu, mkimbiaji wetu aliyetupa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, mpaka ikabidi waitazame picha kujua nani katangulia, mama yako akapiga vigelegele akaamsha ng'ombe, yule naye ni mwajiriwa, ni askari wa JWTZ. Kazi na mbio vinakaa mwili mmoja. Najua utasema jeshi linampa nafasi ya kukimbia, idara haitakupa. Labda. Umewauliza?

Na Batian, mita 5,199 za mwamba, hilo silipendi na sitajifanya. Kule kushuka ni kwa kamba. Nataka kujua nani atakuwa ameishika na ameshapanda naye wapi. Niandikie hilo kabla ya yote.

Jibu langu la ukuu ninalo. Liko mdomoni hapa, mama yako amenikazia macho tangu asubuhi. Sitalisema. Lile la 2006 nililisema kwa sababu nilikuwa na hakika, na hakika yangu ilitugharimu mwaka na zaidi bila salamu.

Mjomba wako anarudi Dar Jumatatu. Nimempa mkungu wa ndizi, kilo mbili za kahawa iliyokaangwa, na sale bichi nililolikata leo palepale mpakani. Nimelifunga fundo. Usiwaulize wajomba kama mzee humpa mwanawe. Mimi nimekupa.

Desemba ukija, uje na viatu vyako vya mlima. Nataka tupande mimi na wewe, mpaka pale miguu yangu itakapokataa. Mama yako anasema nimezeeka, nami nasema Horombo nitafika. Mzigo wangu nitaubeba mwenyewe.

Wako,
Baba